Mafuta kwenye Bawaba

Mama alianza kwa kuuliza bei.
Kichupa kimoja, vidonge sitini,
rangi ya asali; ukikishika kimoja juani
unaona kidole chako upande wa pili.
Binamu Kilahumba alivileta toka Dar,
akavipanga mezani kama anayetandaza kete:
hiki mbegu za kitani, hiki habasoda,
hiki jina lake refu, hata yeye alilirukia.
"Ni mafuta tu, shangazi. Ya mimea. Hayana ubaya."

Mafuta tu.
Anamwambia hivyo Tabu binti Ntahondi,
mwanamke wa Simbo, aliyesukuma mti wa kinu
miaka thelathini, akizunguka, akizunguka,
chikichi zikilia chini ya chuma,
mawese yakichuruzika ndani ya jaba.
Kucha zake zina wekundu
ambao sabuni ya mise haijawahi kuung'oa.
"Mafuta yangekuwa kinga," alisema,
"hili jiwe la titini lingeshateleza lenyewe,
likaanguka njia ya shamba."
Tukacheka.
Kisha akameza viwili.

Sikumlaumu. Usiku wa pili baada ya dripu
mtu humeza hata ahadi.
Mama Sikuzani alileta habasoda ya Ujiji
imefungwa kwenye ukurasa wa daftari la mtoto,
hesabu za kugawanya zimelowa mafuta.
Mchungaji akaleta alizeti aliyoiombea.
Kila aliyekuja kutupa pole alikuja na chupa,
na chupa zikajipanga dirishani,
na asubuhi jua lilipopita ndani yake
ukuta wetu wa udongo uling'aa
hata nikaona haya kuufurahia.
Aliyeleta uji hakuwepo.

Basi la alfajiri. Kasulu, Kibondo, Nyakanazi,
mama amekumbatia mkoba kama amebeba mayai.
Bugando, ghorofani, foleni ya vitambaa vya kichwa.
Daktari Mbuke, mwembamba, kalamu imekwisha wino,
akaazima ya kwangu.
"Kuna kingine unachotumia nyumbani?"
Nilikuwa tayari kusema hakuna.
Mama akafungua fundo la kitenge.
Chupa saba, na ile karatasi ya kugawanya.

Nilingoja kicheko. Nilingoja karipio.
Akaandika moja moja, akiuliza tahajia.
"Hili wapo wanaolichunguza, kwenye vioo vya maabara,
kwenye panya. Panya si wewe, mama.
Hili naogopa litagombana na dawa yetu.
Na hili," akaligeuza, akaligeuza tena, "sijui."
Alilitamka polepole,
kama muuza duka anayekuhesabia chenji mkononi.
"Yaweke pembeni kwanza. Dripu zikiisha, tutazungumza.
Ila usiache kuniambia."
"Na mawese?"
"Mawese ni chakula. Yakipita kooni, kula."

Njia nzima mama hakusema neno
mpaka vibanda vya mwisho vya Kasulu:
"Yule binti ana *sijui* nzuri."

Sasa chupa zimo ndani ya ndoo, chini ya kitanda.
Hakuzitupa. Binamu akipiga simu
anamwambia zipo, na kweli zipo.
Jioni nampaka miguu mawese ya moto kidogo,
nyayo zimekauka, zimepasuka kama bwawa la kiangazi,
naye ananikosoa: si hivyo, kandamiza,
mafuta hayaogopi mkono.
Sijui kama yanamponya chochote.
Anasinzia, basi.

Jana nilichukua kidonge kimoja, kile cha jina refu,
nikakitoboa kwa sindano ya kushonea,
nikakikamua kwenye bawaba ya mlango wa uani,
ule unaopiga kelele kila anapotoka kutapika,
ukawaamsha watoto, naye akaomba radhi gizani.

Usiku mlango haukulia.
Nikalala macho wazi, nimetega sikio,
na kwa kuwa haukulia
sikujua kama ametoka, kama amerudi.
Nikaamka kwenda kutazama.